Sun Ra: Msee wa Alabama aliyesema ametoka Saturn, akatuachia albamu inaitwa Nidhamu

Kuna albamu ya jazz ilirekodiwa Misri, Disemba 1971, na jina lake ni Nidhamu. Soma tena. Nidhamu, na hiyo dh yake, vile mwalimu wa zamu alikuwa anaiandika kwa ubao kabla aanze kuita majina ya waliochelewa. Mwenye albamu hakuwa msee wa Mombasa wala Dar. Alikuwa Mmarekani mweusi wa miaka 57, amevaa kanzu ya kung'aa na kofia kama ya farao, na ukimuuliza kwao ni wapi anakuambia Saturn, ile sayari ya pete, ile vitabu vya shule huita Zohali. Na hakuwa anakubeba ufala. Alishikilia hiyo stori hadi uzee.

Anaitwa Sun Ra. Kila mtu akimwandika hukimbilia Saturn, na naelewa, ni stori tamu. Lakini mimi naona hiyo sayari imefunika kitu kubwa zaidi. Huyu jamaa aliamua hakuna mtu atamiliki jina lake, mziki wake ama saa zake, na akaishi hivyo karibu miaka 40. Uliza msanii yeyote wa Kanairo mwenye amewahi kusaini karatasi bila kuisoma, atakuambia hiyo ni ndoto. Sasa swali ni nani alilipa bill.

Alizaliwa Mei 22, 1914, Birmingham, Alabama, kusini mwa Marekani, enzi zile mweusi na mzungu hawakunywa maji kwa mfereji mmoja. Cheti kilisema Herman Poole Blount. Herman lilitoka kwa Black Herman, mganga wa mazingaombwe mweusi aliyekuwa maarufu sana wakati huo, so hata kabla aongee, huyu mtoto tayari alikuwa amepewa jina la stejini. Nyumbani wakamwita Sonny. Alilelewa zaidi na nyanya na shangazi mzee wa familia kuliko wazazi wenyewe.

Sonny alikuwa ile aina ya kijana wa vitabu na piano, hana makelele. Bendi kubwa zikipita Birmingham, anaenda anaskiza, halafu anarudi kejani anaandika kwa karatasi kile kila chombo kilipiga. Kutoka kichwani. Hakuna simu ya kurekodi, hakuna kurudisha nyuma. Akaenda chuo kikuu cha Alabama A&M kwa ufadhili, akakaa mwaka mmoja, akatoka. Baadaye ndio akaanza kusimulia kwamba katika hiyo miaka alibebwa na mwanga hadi Saturn, viumbe wa huko wakamwambia aachane na shule kwa sababu dunia inaelekea kuharibika, na yeye ataongea na watu kupitia mziki. Uamini usiamini, ni juu yako. Mimi huona ni hivi: kijana mweusi wa Alabama ya 1930 na kitu akiambiwa kila siku kwamba hapa si kwenu, ipo siku atajibu sawa, basi mimi si wa hapa.

Vita ya Pili ikafika. Mwaka 1942 akaitwa jeshini, akakataa. Sio kujificha, zii, alikataa kwa barua na mbele ya hakimu, akisema dhamiri yake haimruhusu kuua. Akatupwa jela ya Walker County, Alabama, halafu mwanzoni mwa 1943 akapelekwa kambi ya wakataaji vita huko Pennsylvania. Mchana alifanya kazi ya msitu, usiku akapiga piano. Walimwachilia kwa sababu za kiafya. Akarudi nyumbani na hasira, na baada ya shangazi yake kufa hakuwa na kitu cha kumshikilia Birmingham. Akahamia Chicago.

Chicago ndio ilimtengeneza. 1946 akaingia bendi ya Fletcher Henderson, msee ambaye bendi yake ilikuwa moto sana miaka ya 20, sasa ngoma zimepoa lakini jina bado ni kubwa. Sonny alikuwa akimuabudu huyo mzee tangu utotoni. Pia akapigia waimbaji wa blues, akaandikia shoo za klabu, kazi zote za mkate. Halafu Oktoba 1952 akaenda kortini akabadilisha jina rasmi: Le Sony'r Ra. Ra ni mungu jua wa Misri ya kale. Blount akamwacha hapo. Siku hizi kila rapa ana jina la kujipa, lakini jamaa alilitia hadi kwa pasipoti.

Hapa ndio kuna mtu mmoja huwa anasahaulika: Alton Abraham. Kijana wa Chicago, mtu wa biashara na vitabu vya ajabu ajabu vya Misri, Biblia na anga. Hawa wawili walikuwa wakiandika makaratasi ya mafundisho yao na kuyagawa kwa bustani, kama wale wahubiri wa Jevanjee saa ya lunch. Wakaanzisha lebo yao, El Saturn. Tunaongea miaka ya 50, watu weusi wanamiliki lebo ya jazz, wanachapisha wenyewe, wanauza wenyewe. Kabla ya hiyo, na kwa muda mrefu baada yake, mambo yalikuwa hivi: kampuni inakuita studio, unalipwa kidogo ya siku hiyo, rekodi inabaki yao milele.

El Saturn ilifanya kazi vile mabeshte wako huuza CD kwa buti ya gari. Wanachapisha sahani chache, mara nyingine chini ya mia moja. Kava wanazichora kwa mkono, kila moja tofauti, kalamu na gundi na karatasi ya rangi. Shoo ikiisha, zinawekwa mezani ama pembeni ya steji, unanunua moja kwa moja kutoka kwa bendi. Upande A unaweza kuwa wa mwaka huu, upande B wa miaka kumi nyuma. Tarehe hakuna. Majina ya wapigaji wakati mwingine hakuna. Sahani moja inaweza kutoka na majina mawili tofauti. Wanahistoria wa jazz wamekonda wakijaribu kupanga hizi rekodi, na hadi leo hawajamaliza. Jumla ni zaidi ya albamu 100. Leo hizo kava za gundi zinauzwa kwa mnada pesa ndefu, na wasee walizichora wakiwa na njaa.

Ukitaka kujua kama alikuwa mwanamuziki ama mwigizaji tu, skiza Jazz in Silhouette ya 1959. Watu hupenda kuanza na zile kelele ndio waonekane wako deep. Achana nao. Hapa bendi imevaa suti, imenyooka, sauti za saksafoni zimepangwa kama viti vya harusi, na kuna ngoma inaitwa Ancient Aiethopia ambayo ngoma na filimbi zake zinakuja pole pole kama msafara. Kama hii haikuguzi, nakushauri uendelee na maisha yako, Sun Ra si wako.

Bendi aliipa jina Arkestra. Ukiangalia vizuri, ni orkestra lakini ndani yake kuna safina, ile ya Nuhu. Na waliopanda hiyo safina ndio stori yenyewe. John Gilmore, saksafoni ya tena, aliingia mapema miaka ya 50. Pat Patrick, saksafoni ile nzito ya chini. Marshall Allen akaingia mwishoni mwa hiyo miaka. Walikuwa wapigaji wa kiwango cha kuomoka popote. Gilmore alipofika New York na bendi 1961, John Coltrane mwenyewe alikuwa akienda kumskiza na akachukua vitu kutoka kwake. Fikiria hiyo: msee mkubwa wa saksafoni wakati huo anakuja kuchukua notisi kwako, na wewe usiku unarudi nyumba moja na wenzako kugawana supu.

Kwa sababu hivyo ndivyo waliishi. Pamoja, nyumba moja, kwanza New York, na kuanzia 1968 Philadelphia, mtaa wa Germantown, barabara ya Morton, nyumba ya familia ya Marshall Allen. Pombe hapana. Madawa hapana. Mazoezi ni saa yoyote Sun Ra akijiskia, hata saa tisa usiku, na yanaweza kwenda masaa na masaa, na katikati anasimamisha kila mtu anatoa somo juu ya sayari, Biblia na maana iliyofichwa kwa maneno. Unaamka, unapiga. Pesa ikija ilikuwa kidogo, na mpishi alikuwa yeye mwenyewe, sufuria kubwa ya mchuzi. Alikuwa akiwaambia kwamba uhuru ni uongo wa wanasiasa, kitu mtu mweusi anahitaji ni nidhamu. Hata akatunga ngoma nyingi zenye jina Discipline na namba nyuma yake.

Sasa, ukiniuliza, hapo ndio mambo yanakuwa magumu. Msee ambaye hakukubali kampuni yoyote imwamrishe alikuwa akiamrisha watu wazima wakati wa kulala. Pat Patrick alipofuata bendi New York, aliacha mke na watoto Chicago. Mmoja wa hao watoto alikuwa na miaka minne hivi. Alikulia South Side, maisha ya shida, mama peke yake. Jina lake ni Deval Patrick, na 2007 akawa gavana wa Massachusetts, mweusi wa kwanza kushika hicho kiti. Wameandika wengi juu ya jinsi Sun Ra alivyowalea wanamuziki kama baba. Sawa. Lakini kuna meza Chicago ilikuwa na kiti tupu, na ukiskiza ile saksafoni nzito ya Pat kwa rekodi za miaka ya 60, unaskia kitu tamu sana ambacho kuna mtu mwingine alikilipia. Siwezi kuisema kwa upole zaidi ya hapo.

Kwa upande mwingine, hakuna aliyefungiwa mlango. Gilmore alitoka katikati ya miaka ya 60 akaenda kupiga na Art Blakey, bendi ya jina kubwa, ya mshahara. Akarudi. Watu wazima hawarudi kwa njaa bila sababu.

Miaka ya New York ndio ya kelele. The Heliocentric Worlds, The Magic City, hizo. Magic City, by the way, si jina la angani. Lilikuwa jina la utani la Birmingham, na kulikuwa na bango kubwa lenye hayo maneno karibu na stesheni ya treni, karibu na alipokulia. So jamaa wa Saturn, akiwa mbali, anatunga karibu nusu saa ya fujo nzito na kuipa jina la bango la kwao. Hapo unajua kwamba hakusahau ametoka wapi. Kuanzia 1966 walipiga kila Jumatatu kwa klabu inaitwa Slug's, shoo za masaa mengi, mavazi ya kung'aa, wachezaji, taa.

Halafu kuna Strange Strings, ya 1967. Alinunua vyombo vya nyuzi kutoka nchi tofauti tofauti, akawapa wasee wake wa tarumbeta na saksafoni, vyombo ambavyo hawakujua kupiga, akawaambia wapige. Kuna watu wanasema hiyo ni albamu yake bora. Mimi nimeiskiza yote mara tatu na ninasema hivi: iheshimu, usiiweke kwa matatu. Lakini angalia alichokuwa anafanya. Alikuwa na wapigaji wenye vidole vya ajabu, akawanyang'anya vidole ili aone masikio yao yamebaki na nini. Hiyo pia ni mazoezi. Hiyo pia ni kuamrisha.

Vyombo vya umeme alivianza mapema kuliko karibu kila mtu kwenye jazz, piano ya umeme tangu miaka ya 50, na mwisho wa miaka ya 60 akapata Minimoog kutoka kwa Robert Moog kabla hata haijaanza kuuzwa madukani. Zile sauti za chini za kuzunguka unaskia kwa biti za leo, yeye alikuwa akizitesa wakati produsa wako wa siku hizi babake alikuwa nasari. 1969 akawa kwenye kava ya jarida la Rolling Stone. 1971 chuo kikuu cha Berkeley, California, kikampa darasa, somo la mtu mweusi na ulimwengu wa anga. Umaarufu ulikuja, pesa ikabaki njiani.

Na ndio tunafika Cairo. Mwisho wa 1971 Arkestra walikuwa Ulaya, ziara imeisha, kila mtu anategemea kurudi nyumbani. Sun Ra akachukua pesa iliyobaki akanunua tiketi za Misri. Hakuna shoo imepangwa huko. Hakuna promota. Mtu amebeba jina la mungu wa Misri miaka 19, lazima siku moja aende aone. Walipotua, forodha ikazuia vyombo vyao. Bendi nzima, hakuna chombo. Aliyewaokoa alikuwa Salah Ragab, mpiga ngoma na afisa wa jeshi la Misri upande wa mziki, aliyewasaidia na vyombo vya kuazima. Walipiga nyumbani kwa mwalimu mmoja Mjerumani, Hartmut Geerken, mtaa wa Heliopolis. Heliopolis kwa Kigiriki ni mji wa jua. Hizi vitu ukizipanga kwa sinema watu watasema umezidisha.

Kutoka hizo siku zikatoka rekodi, na moja yao ndio Nidhamu. Neno lenyewe mizizi yake ni Kiarabu, lakini vile limeandikwa ni letu, la huku pwani. Wakati huo Wamarekani weusi wengi walikuwa wakijifunza Kiswahili, wanapea watoto majina, Kwanzaa ilikuwa imeanza 1966. Pengine lilifika kwake kwa hiyo njia. Ndani kuna vipande vya ule mfululizo wa Discipline. Skiza vile saksafoni zinarudia mstari mmoja, zinarudia, zinarudia, bila haraka, kila mmoja na sauti yake lakini hakuna anayetoka kwa laini. Sauti ya rekodi ni mbaya, nakubali, kama simu imewekwa kwa mfuko wa koti. Lakini ni wasee hawana vyombo vyao, hawana malipo, wako mbali na kwao, na bado wako kwa saa. Mimi hii ndio huweka juu ya zote, juu hata ya zile za studio.

Baadaye mambo yalipanda na kushuka haraka haraka. Kampuni kubwa ya Impulse ilichukua rekodi zake kuzitoa upya kati ya miaka ya 70, halafu ikakata mkataba na sahani zikaishia kwa mapipa ya bei ya kutupa. Sinema yake, Space Is the Place, ikatoka 1974: anatua na chombo cha anga Oakland, anataka kuwapeleka watu weusi sayari nyingine. 1977 alikuwa Lagos kwa FESTAC, ile tamasha kubwa ya sanaa ya weusi wa dunia nzima. 1978 akaonekana kwa Saturday Night Live, Wamarekani wakashangaa. Mwaka huo huo akatoa Lanquidity, na hii ndio utaweka Jumapili jioni na wageni wako hawatatoroka: gitaa za umeme, besi nzito, polepole, sauti za kunong'ona mwisho. Kama unapenda biti za kuchill, anza hapa halafu urudi nyuma hadi 1959.

1990 akapata kiharusi. Akaendelea kupanda stejini, sasa akiwa kwa kiti cha magurudumu, na Julai 4, 1992 alifungulia Sonic Youth pale Central Park, watoto wa roki ambao wangekuwa wajukuu wake. Mwanzoni mwa 1993 hali ikawa mbaya, wakamrudisha Birmingham kwa dada yake. Mji ule ule aliosema hakuzaliwa. Alifariki huko Mei 30, 1993, siku nane baada ya kufikisha miaka 79. Alizikwa Elmwood, makaburi ambayo yalikuwa ya wazungu peke yao hadi familia ya mwanajeshi mweusi aliyekufa Vietnam ilipoyashtaki mwisho wa miaka ya 60 ndio mlango ukafunguliwa. Jiwe lina majina yote mawili, Herman Sonny Blount na Le Sony'r Ra.

Gilmore alichukua bendi, naye akafa 1995. Tangu hapo ni Marshall Allen. Huyu mzee alifikisha miaka 100 Mei 2024, na siku mbili baadaye akaingia studio kurekodi albamu ya kwanza kwa jina lake mwenyewe, New Dawn, ikatoka 2025. Maze, kungoja hadi miaka 100 ndio jina lako liandikwe peke yake kwa kava. Nyumba ya Morton Street bado ni ya Arkestra, na tangu 2022 mji wa Philadelphia umeiweka kwa orodha ya majengo ya historia. Rekodi nyingi za El Saturn ziko Bandcamp, zimesafishwa. Nidhamu tafuta jioni, zima data za vitu vingine, na usiruke zile dakika za kwanza.